Jumapili Iliyotukuta Mferejini

Asubuhi ile tulitoka mji mdogo wa Twizel tumeshiba, na Kelepi mume wangu alikuwa anaimba. Hilo peke yake lingenitosha kushukuru. Mwaka uliotangulia kifua kilimbana akiwa kazini, kwenye kiwanda cha nyama, wakamtoa kwa machela na aproni yake ikiwa bado kiunoni. Daktari aliniambia niende nyumbani nikae karibu na simu. Sikwenda. Nilikaa karibu na kitanda, nikamwambia Mungu: nirudishie huyu, na Jumapili zetu zote ni zako, hata moja sitaigusa.

Nikarudishiwa.

Alipostaafu hakutaka sherehe. Alitaka baiskeli mbili. Alisema tutaanzia kaskazini ya kisiwa hiki tulichohamia, tufuate milima mpaka mlangoni kwetu Oamaru, na kabla ya kufika nyumbani auvuke mlima wa nyuma ya Ziwa Ohau kwa nguvu zake mwenyewe.

"Ulikuwa kwenye kalenda ya kiwandani," aliniambia. "Nimeutazama miaka yote nikikata mbavu za kondoo. Sasa na wenyewe unitazame."

Watoto walituona tumechanganyikiwa. Watonga wenzetu kanisani walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilikubali kwa sharti moja, Jumapili hatupandi baiskeli. Itakapotukuta, hapo hapo tunasali, tunakula, tunalala. Kelepi alikubali bila kubishana, maana ndivyo tulivyolelewa wote wawili. Kwetu Tonga, visiwani tulikozaliwa, mtu akionekana anakimbia siku ya Jumapili, watu huuliza nani amekufa.

Basi siku ile, kwa hesabu yangu, ilikuwa Jumamosi. Nilipita dukani nikanunua spinachi, vitunguu na tui la kopo, vya chakula cha kesho. Kelepi alipaka minyororo mafuta. Tukaingia njia inayofuata mfereji mkubwa wa maji.

Sijapata kuendesha siku nyepesi kama ile. Njia ni tambarare, maji ya mfereji ni ya buluu kama yametiwa rangi, na theluji iko mbali huko juu ambako haimsumbui mtu. Magari yalikuwa machache. Kila tuliyepishana naye alitusalimia kwa upole. Kelepi alikuwa mbele, mgongo wake mpana umeijaza fulana yake ya njano, na mimi nyuma namchunga. Ndiyo kazi yangu tangu hospitali. Nasikiliza pumzi yake kama mama anavyosikiliza mtoto mwenye kikohozi. Siku ile pumzi ilikuwa nzuri. Ilikuwa na nafasi ya wimbo ndani yake.

"Mama!" akaita bila kugeuka. "Bado unanihesabia pumzi?"

"Nani kakwambia?"

"Naisikia shingo yangu inawasha."

Karibu na adhuhuri tulimkuta mzungu mmoja ameketi kwenye kiti cha kukunja ukingoni mwa mfereji, fimbo mbili za kuvulia zimesimikwa mbele yake. Alituambia anaitwa Athol. Pembeni yake alikuwa na samaki mkubwa amelazwa kwenye majani yaliyolowa.

"Mnaelekea wapi na vyombo vyote hivyo?" akauliza. "Mmefukuzwa nyumbani?"

"Tunarudi nyumbani," Kelepi akasema. "Tunapitia mlimani."

"Ule?" Athol akaunyooshea kidole. "Basi msizubae hapa, ndugu yangu. Upepo wa kaskazini-magharibi unaingia kesho adhuhuri, na huo ukikaa siku hizi haujui kuondoka. Mkalale ziwani leo, alfajiri mpande. Mkichelewa, mlima mtautazama tu."

"Kesho hatupandi," nikamwambia. "Kesho tunapumzika."

"Shauri yenu, dada. Mimi mvuvi tu. Mke wangu ndiye mwenye busara, na sasa hivi yuko kanisani ananiombea. Kila Jumapili hivyo hivyo, yeye ananiombea, mimi namletea kitoweo."

Nikashika breki ingawa nilikuwa nimesimama.

"Kila nini?"

"Kila Jumapili."

"Leo?"

Athol akamtazama Kelepi, akanitazama mimi. "Leo ni Jumapili, dada. Tangu asubuhi."

Nikajua palepale siku ilituponyokea wapi. Juma lile mvua ilitufungia kwenye kibanda cha wapanda milima. Tulilala, tukaamka kuna giza na mvua, tukala biskuti, tukalala tena. Simu ya Kelepi ilikuwa imekufa maji, mimi simu sina. Nilidhani tumelala usiku mmoja mrefu. Kumbe tulilala na mchana wake.

"Baba," nikamwambia Kelepi. "Nimenunua. Nimeendesha. Na wewe umepaka mafuta mnyororo!"

"Nilipaka kidogo tu."

"Usinichekeshe."

"Mama, Mungu ametuona tangu tunatoka, na hajapasua hata tairi moja."

Athol alianza kukunja uzi wake, kama mtu aliyeingia kwa watu bila kubisha hodi.

Sikuwa na hofu ya wachungaji wala ya maneno ya kanisani. Hofu yangu ilikuwa moja. Nilipewa mume kwa ahadi. Asubuhi ile niliivunja bila kujua, na bila kujua ni jambo jingine. Lakini sasa nilijua. Nikikanyaga pedeli hata mara moja zaidi, nimeivunja kwa macho mawili, na niliyepewa kwa ahadi yuko hapo mbele yangu na fulana yake ya njano. Na nikibaki pale, mlima wake umekwenda. Mwaka mwingine nani anaujua, kwa moyo ule?

Nikamwona anautazama. Aliutazama kwa muda, kutoka chini mpaka pale theluji inapoanzia. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie aende, anitangulie ziwani, mimi nitamfuata kesho. Niliona bora ahadi niibebe peke yangu.

Akavua kofia yake ngumu. Akailaza baiskeli majanini, taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Basi, tumefika," akasema.

"Baba, mlima wako..."

"Uliahidi wewe, Lesieli, lakini aliyerudi ni mimi. Ulitaka nipande mlima wakati mke wangu amekaa kando ya mfereji anatetemeka? Toa sufuria. Na ile nyama ya kopo iko mfuko gani?"

Nikalia kidogo. Athol akajifanya anaangalia ndoano.

Nikaosha spinachi kwa maji ya kunywa. Kwetu tunatumia majani ya taro, yaani ya magimbi, lakini huko juu utayapata wapi? Nikaweka nyama ya kopo katikati, kitunguu, tui, nikafunga kila kifurushi kwa karatasi ya foili, nikavipika kwa mvuke kwenye lile jiko letu la gesi lililokuwa linakohoa. Vilipokuwa vinaiva, tulisali. Kelepi alianzisha wimbo kwa sauti ile ya chini aliyoimbia kwenye kwaya maisha yake yote, na mimi nikaingia juu yake. Hakukuwa na paa la kuizuia sauti. Ilikwenda tu juu ya maji. Athol alivua kofia, akaikalia, akasahau, akaitafuta kichwani.

Tulipomaliza alisema, "Mke wangu hataamini kwamba leo nimesali."

"Mwambie ulikamatwa," Kelepi akamjibu.

Akala vifurushi viwili, akalamba foili, akauliza hii ni mboga gani. Alipokwenda zake alituachia nusu ya samaki. Kelepi alimfunga kwenye taulo lililolowa, akasema ni wa Jumatatu, asije mtu akatuambia tumefanya kazi.

Kisha tukalala majanini. Hatukuwa na pa kwenda wala cha kufanya, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali nilisinzia kabla yake. Sikumhesabia pumzi. Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka, shavu langu liko kifuani pake, na yeye ananipepea inzi kwa kofia.

"Umekoroma," akasema. "Samaki wamehama."

Jumatatu tuliondoka mapema, lakini upepo haukungoja adhuhuri. Ulitupiga kabla ya ziwa. Pale mwenye nyumba ya wageni alitikisa kichwa kabla hatujauliza, akasema wawili waliojaribu wamerudi wakisukuma. Kelepi aliutazama mlima mara moja tena, vumbi likimfanya apepese macho.

"Haya," akauambia. "Umeniona."

Tukageuza, tukafuata barabara ya lami ya bondeni mpaka nyumbani. Kwaya nzima ilikuja kutupokea, na wote walicheka waliposikia jinsi tulivyoipoteza siku. Nilimuuliza mchungaji kuhusu asubuhi ile. Alisema Mungu hamvizii mtu aliyepoteza hesabu. Nilifurahi kusikia, lakini jibu nilikuwa nimeshalipata majanini.

Kelepi aliishi misimu mingine mingi ya baridi, kuliko hata daktari alivyotarajia. Mlima hakuuvuka. Mara nyingi watu walimuuliza habari za ile safari, na nilingoja aseme habari za mlima. Aliwasimulia habari za Athol kuikalia kofia.

Sasa niko peke yangu, na Jumapili baada ya ibada watoto wanakuja kwangu kula. Majani ya taro siku hizi yanauzwa Oamaru, mazuri kabisa. Mimi nafunga nyama kwa spinachi. Binti yangu analalamika kila mara.

"Mama, hii siyo yenyewe."

"Kula," namwambia. "Ndiyo yenyewe."