Vyanzo Viwili

Mlinzi wa hoteli alimtazama Mama miguuni kwanza, kisha usoni, kama mtu anayekagua gunia lililolowa. Aproni ya kazini ilikuwa bado imemng'ang'ania kiunoni, na mikono yake, iliyochujuliwa na dawa ya kufulia mashuka ya hospitali, ilinuka hata yeye mwenyewe akaificha nyuma.

"Beji iko wapi, bibi?"

"Sina beji. Nina mtoto."

"Humu watoto hawaingii. Ni mkutano wa waandishi wa habari wa nchi zote jirani."

"Hao hao ndio ninaowataka."

Mlinzi alikuwa karibu kumshika mkono, lakini basi la wageni likasimama mlangoni, kamera zikiwa zimening'inia vifuani mwao, naye hakupenda kuonekana akimburuta mwanamke mtu mzima mbele ya kamera. Mama akaingia katikati ya wageni.

Mwanawe alikuwa mwandishi wa gazeti dogo. Wenzake walimbandika jina la Kiroboto, kwa sababu akishaingia katika nguo za mkubwa hatoki. Tangu alipoanza kuandika habari za dawa za wagonjwa zinazoishia katika maduka ya wakubwa, alimkaririsha mama yake jambo moja, kama mtoto anavyokaririshwa njia ya kurudi nyumbani.

"Wakinichukua, usiende kituoni. Nenda kwa wenzangu. Tuna mapatano na nchi jirani: mmoja akikamatwa, magazeti na redio zote zinamtaja siku hiyo hiyo. Nikishatajwa, watanipiga, lakini watanirudisha. Wakiniwahi kabla sijatajwa, basi."

"Basi nini?"

"Basi, mama."

Asubuhi hiyo walimtoa kwenye kiti cha kinyozi, shavu moja limenyolewa na jingine lingali na povu. Kinyozi mwenyewe alikimbia hadi nyuma ya hospitali, kwenye kamba za mashuka, akamweleza Mama huku akitweta. Walikuwa wanaume waliovaa kiraia. Gari halikuwa na namba. Taulo la dukani limeondoka naye, shingoni mwake. "Waambie wenzake tu," alisema kinyozi. "Mimi nisitajwe popote, mama yangu. Nina watoto wadogo."

Sasa Mama aliketi katika chumba cha pembeni cha hoteli, kikombe cha chai mbele yake ambacho hakukigusa. Upande wa pili wa meza alikuwapo Mwenyekiti wa chama cha waandishi wa nchini, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye amewahi kula nyumbani kwake na kumwita mama mzazi. Kando yake alikuwapo Katibu wa Kanda, mwanamke mwembamba aliyetoka nchi jirani, miwani yake ikiwa imefungwa kwa mnyororo.

"Shikamoo, mama," alisema Katibu.

"Marahaba. Mtajeni mwanangu sasa hivi."

"Nani aliona akichukuliwa?"

Mama akasita. "Amenisihi nisimtaje nje."

"Hapa si nje, mama," Mwenyekiti akamtuliza. "Hapa ni kwetu."

Ndipo akasema yote, na Mwenyekiti akaandika kila neno. Alipofika kwenye povu la shavuni, kalamu yake ilikwenda mbio zaidi.

"Na wewe, mama, uliona?" Katibu aliuliza.

"Nilikuwa kazini."

Katibu akavua miwani. "Basi tuna chanzo kimoja, na kanuni yetu inadai viwili. Mwaka jana tulitangaza kwamba ndugu mmoja ametekwa. Kanda nzima ikapiga kelele, kumbe bwana amelala kwa mchumba wake. Serikali zinatucheka mpaka leo."

"Na mimi je? Mimi si chanzo?"

"Wewe ni mzazi. Mzazi ana upande."

"Ndiyo," alisema Mama. "Nina upande."

Mwenyekiti alikuwa ameshatoa simu. "Haki ni kuwapa polisi nafasi ya kujibu. Wakikiri, hicho ndicho chanzo cha pili."

Mama alimkamata mkono wa shati. "Baba, usiwapigie hao. Nakuomba."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Hata mwanao angefanya hivi hivi."

Akaiweka simu mezani, sauti wazi ili wote wasikie.

"Mwenyekiti!" Msemaji wa polisi alichangamka. "Mnakula peke yenu huko hotelini, hata chai hamtuiti?"

"Mtaitwa, mheshimiwa, mtaitwa." Wakacheka. "Kuna madai kwamba mnamshikilia mwenzetu, yule Kiroboto."

"Hatuna mtu huyo. Madai ya nani? Ya mama yake?"

Katibu aliinua mkono kumzuia, lakini Mwenyekiti alikwisha kuchomwa. Alikuwa mwandishi kwa miaka mingi, na hakuweza kuvumilia kuambiwa kwamba habari yake ni nyepesi.

"Siyo madai ya hewani, mheshimiwa. Tuna shahidi wa macho. Tunajua mpaka povu lililobaki shavuni."

Ikasikika sauti ya kijiko kikikoroga kikombe, taratibu.

"Ahaa," alisema Msemaji. "Povu. Nipeni muda nifuatilie."

Simu ilipokatika, Katibu alisimama. "Umemwanika!"

"Sijataja jina la mtu."

"Mtu anayeona povu shavuni mwa mwenzake ni nani? Seremala?" Akamgeukia Mama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya binadamu. "Twende kwa kinyozi, mama. Akinipa sauti yake kwenye kinasa, nitakuhesabu wewe kuwa wa pili, nikatangaze. Lawama nitabeba mimi."

Njiani Mama alihisi kitu kikilegea kifuani mwake, akakiogopa.

Mlango wa kinyozi ulikuwa wazi. Kioo kikubwa kilikuwa kimepasuliwa, na vipande vilijaa sakafuni pamoja na nywele. Kwenye kiti cha kunyolea alikaa mwanamume mwenye shati la maua, miguu ameikunja, akisoma gazeti. Kinyozi alikuwa anafagia. Mdomo wa juu ulikuwa umechanika na kuvimba.

"Karibuni," alisema bila kuinua kichwa. "Leo hatunyoi."

Katibu alijitambulisha, akauliza kwa upole kama kuna mteja aliyechukuliwa hapo asubuhi.

"Sijamnyoa mtu leo."

"Mwanangu," Mama alisema, "si ulinijia kwenye kamba za mashuka?"

"Umenifananisha."

Mwanamume wa shati la maua akafunua ukurasa. "Muulize tena, dada," alimwambia Katibu. "Mwandishi mzuri haulizi mara moja."

Katibu hakuuliza. Aliyeuliza alikuwa yule yule mwanamume: "Kinyozi, bibi huyu unamjua?"

Ndipo kinyozi akamtazama Mama. Jicho moja lilikuwa jekundu lote.

"Simjui," alisema, akaendelea kufagia mahali ambapo palikwisha kuwa safi.

Ndani ya gari Katibu alishika kinasa sauti mapajani, hakukiwasha. Walikuwa wamekaribia hoteli aliposema, "Sasa sina hata kimoja."

Mama hakulia. Alikuwa anamfikiria mwanawe akiwa chini mahali fulani, akitega sikio, akisubiri kutajwa.

Wajumbe walikuwa wamejipanga ngazini, nyuma ya bango la mkutano, kwa picha ya kufunga. Mwenyekiti alikuwa anasoma tamko mbele ya vinasa sauti: chama chake kilijivunia kwamba tangu mkutano uliopita hakuna tukio lolote la mwandishi kutekwa lililothibitishwa nchini. Makofi yakapigwa. Kisha msichana wa mapokezi akapita akigawa vipande vya utepe mweusi, na kila mjumbe akabandika chake mdomoni, ishara ya kupinga kunyamazishwa kwa waandishi. Katibu alikitazama kipande chake muda mrefu. Alimtazama Mama. Kisha naye akakibandika, akapanda mstari wa nyuma.

Mama alisimama mbele yao kwenye nyasi. Akamtaja mwanawe kwa jina lake, jina la baba yake na jina la babu yake, kwa sauti aliyotumia zamani kumwita arudi ndani jua linapozama. Akarudia. Safu nzima ya watu wasomi ilimkodolea macho juu ya utepe. Wengine machozi yakawalengalenga, na hakuna aliyeubandua.

"Mama, samahani," alisema mpiga picha, jicho lake likiwa bado kwenye kamera. "Sogea kidogo. Unaziba bango."