Penye Unyevu, Giza na Joto

Jastin hakuwa na ugomvi na watoto. Ugomvi wake ulikuwa na pua zao.

Mwembesongo, mtaa wa mjini alikokulia, alidhani makamasi ni jambo la msimu: yanakuja, yanapita, watu wanaendelea na maisha. Alipopanda kijijini Matombo kujitolea kufundisha darasa la awali ndipo alipogundua kwamba kuna watoto ambao makamasi kwao ni kiungo cha mwili. Asubuhi yalikuwa maji. Saa ya uji yakawa gundi. Saa ya kwenda nyumbani yalikuwa yameshakauka kwenye mikono ya masweta, yanang'aa kama konokono kapita hapo. Na mikono hiyohiyo ndiyo iliyomdaka suruali kila alipogeuka. "Ticha! Ticha! Ticha!" Anavutwa huku, anavutwa kule. Jioni akiivua suruali, inasimama yenyewe.

"Utazoea," mama yake alimwambia kwenye simu.

"Mama, leo mmoja kanipigia chafya mdomoni nikiwa nasema 'aaa'."

"Si ungesema 'mmm'?"

Ndivyo alivyopata ucheshi wake, kwa mama. Na kwa mama huyohuyo ndiko alikopata Matombo, maana ni kwao. Jastin alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya kutotajwa mbele ya wageni, na mama akaona kuliko kijana akae kibarazani akitaniana na wauza karanga, bora apande mlimani akawe na faida.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja darasani humo kilichomchefua kuliko pua zote. Ilikuwa kona ya hesabu.

Kila darasa la awali linatakiwa liwe na vitu vya watoto kushika na kuhesabia, na Mwalimu Eufrazia, mwenye darasa, alikuwa navyo vyote: maharage, punje za mahindi, vifuniko vya soda, vijiti. Vimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, vimening'inizwa msumarini, juu kabisa karibu na dari, mahali ambapo hata Jastin na urefu wake alihitaji stuli. Vumbi limeshika. Buibui amejenga, amezaa, amepata wajukuu.

"Hivyo ni vya wathibiti ubora," Mwalimu Eufrazia alimweleza siku ya kwanza, akimaanisha wale wakaguzi wa kutoka wilayani. "Wakija wanavikuta visafi, vimekamilika."

"Na watoto?"

"Watoto wanaviona."

Wanaviona! Waliviona kama wanavyouona mwezi. Walikuwa wanaimba moja mpaka ishirini bila kukosea, kwa sauti ya kupasua bati, na ukimwambia mmoja akuletee vijiti vitatu anakuletea kuni za kupikia ubwabwa wa harusi. Madaftari yao yalikuwa na mwandiko mzuri sana, wa Mwalimu Eufrazia. Aliwaandikia, akajisahihishia, akajipa vyema. Wazazi walipoona tiki nyekundu walifurahi, wakasema mwaka huu tumepata mwalimu. Jastin aliyatazama yale madaftari akahisi kama mtu aliyefunua sufuria ya wali akakuta mende.

Alibembeleza wiki nzima. Alichekesha, alinuna, alibeba ndoo za maji ambazo hazikuwa zamu yake. Mwishowe Mwalimu Eufrazia akachoka.

"Haya, teremsha. Lakini nisikilize, Jastin. Siku mtoto mmoja tu akiumia na hivyo vitakataka vyako, vinarudi msumarini kwao, na wewe unarudi Mwembesongo kwenu. Hatutaongea mara mbili."

Basi kona ikafunguliwa. Watoto walivishika, wakavipanga, wakavigombania, wakavilamba. Jastin alikuwa anaokota maharage yaliyolowa mate huku uso ameukunja kama mtu anayekunywa mwarobaini, lakini aliokota. Baada ya muda ukimwambia Twalibu, mmoja wa watoto hao, akuletee vijiti vitatu, analeta vitatu, na kikamasi juu.

Kisha akawafundisha kupanda. Alikata chupa za maji, akaweka pamba, akailowesha, akachomeka maharage ndani, akafunika kwa nailoni nyeusi na kuziweka karibu na jiko la uji.

"Haragwe likitaka kuota linatafuta mahali penye nini?"

"Unyevu!"

"Na?"

"Giza!"

"Na?"

"Joto!"

Maharage yakaota. Siku nailoni ilipofunuliwa kelele zake zilisikika mpaka barabarani. Aliyekaa kimya ni mmoja tu, Furaha, mjukuu wa Bibi Anastasia, mtoto wa kutazama. Alikitazama kile kichipukizi cheupe kwa muda mrefu, mdomo wazi, makamasi yanashuka, anayavuta, yanashuka, anayavuta. Jastin ilibidi ageukie ukutani.

Mvua za masika zikaanza. Ikanyesha mpaka kidaraja cha chini kikaenda na maji, na bodaboda zikawa hazipandi wala hazishuki. Asubuhi moja ya namna hiyo, Twalibu akamvuta Jastin suruali.

"Ticha, Furaha kapanda."

"Kapanda wapi? Mwambie ashuke."

"Hajapanda mti. Kapanda haragwe."

"Vizuri. Kapanda wapi?"

Twalibu akachomeka kidole chake puani, mpaka kwenye kifundo, kumwonyesha.

Furaha alikuwa amekaa mkekani, ametulia, mikono mapajani. Tundu la kushoto la pua lilikuwa limevimba kidogo, na ndani yake, nyuma ya pazia la makamasi ya kijani, Jastin aliona mgongo mwekundu wa haragwe.

Akili ikamwambia amwite mtu. Lakini mtu wa kuitwa ni Mwalimu Eufrazia, na Mwalimu Eufrazia alikuwa na msumari wake. Kwa hiyo Jastin akachukua kifuniko cha peni, kile chenye mkia mwembamba, akashikilia pumzi, akaingiza ili alichokoe.

Haragwe likazama.

Furaha akapiga ukelele ambao ulimleta Mwalimu Eufrazia kutoka jikoni, na mwiko wa uji mkononi.

"Nini?"

Macho yake yalitoka kwa Furaha, yakaenda kwenye kifuniko cha peni kilichokuwa na utelezi, yakaenda kwenye kona ya hesabu. Hapo hakuhitaji maelezo.

"Nilisema," alisema polepole. "Sikusema?"

"Ulisema, mwalimu. Tulitoe kwanza, halafu useme tena."

"Leteni pilipili manga. Akinusa atapiga chafya, litatoka."

"Na akivuta pumzi kwanza, je?" Sauti ilitoka mlangoni. Bibi Anastasia, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja, alikuwa amesimama pale na jani la mgomba kichwani, maji yanamchuruzika. Watoto walikuwa wameshamfikishia habari. "Litaingia kichwani, liote huko, tuanze kumpalilia mtoto ubongo?"

"Shikamoo, bibi," Jastin alisema.

"Marahaba, mtani wangu uliyekosa kazi mjini. Umemfanya nini mke mwenzangu?"

Ukoo wa mama yake Jastin na ukoo wa Bibi Anastasia ni watani. Tangu afike Matombo bibi huyo hakuwahi kumpita bila kumtukana, na Jastin hakuwahi kumwachia. Leo alikuwa amemshika mtoto bega tu. Furaha alikuwa anapumulia mdomoni, kifua kinapanda na kushuka, na machozi yamechanganyika na vile vingine.

"Mama yake kashuka mjini na ndizi tangu jana, na daraja hilo haliruhusu," bibi alisema, akimtazama mtoto puani. "Dawa yake ni ya mdomo. Mtu mzima anaweka mdomo kwenye mdomo wa mtoto, anaziba tundu la pua lisilo na kitu, anapuliza mara moja, pyuu! Linatoka. Nimewafanyia wanangu. Ila mimi kifua changu kimekwisha kwa moshi, nikipuliza hata kibatari kinanicheka."

Kila mtu akamtazama Mwalimu Eufrazia, yeye aliyekuwa akiwaita watoto hao "wanangu" kila palipokuwa na mgeni.

"Mimi..." Mwalimu Eufrazia aliutazama ule mdomo mdogo uliozungukwa na utepe wa kijani. "Mimi nimekula kitunguu."

"Kitunguu!" Bibi akacheka kwa dharau. "Sawa. Mtani, njoo."

"Bibi, mimi hapana. Tafadhali. Mimi naona kinyaa hata kikombe cha mtu."

"Nikifa mimi, si wewe na jamaa zako ndio mtakaokuja kulala kaburini kwangu mkidai mpewe kitu? Mtakula mbuzi wetu, mtavaa nguo zangu, mtaniigiza nilivyokuwa nakohoa. Hamtaona kinyaa siku hiyo. Mtani ndiye mtu wa kazi chafu, ndivyo tulivyokuta. Domo lako linalia kama debe tangu uje hapa, leo limepata kazi."

Jastin alipiga magoti mkekani. Furaha akafumba mdomo kwa nguvu.

"Fungua, Furaha."

Akatikisa kichwa. "Utaling'oa," alisema kwa sauti ya puani. "Linaota."

"Nani kakwambia linaota humo?"

"Wewe." Akavuta kamasi. "Ulisema linatafuta penye unyevu na giza na joto. Nikatafuta. Kwanza nilitia mdomoni, nikameza. La pili nikatia hapa."

Mvua iliendelea kuongea na bati. Jastin alihisi kitu kigeni kifuani, kitu kinachofanana na fahari, nacho kikagongana njiani na kichefuchefu kilichokuwa kinapanda. Madaftari yote yale ya tiki, na mwanafunzi aliyeelewa somo ni huyu, na alilielewa kwa pua.

"Humo patakosa nafasi," alisema. "Litakua mpaka hapa, halafu majani? Tulihamishe."

Furaha alifikiri. Kisha akafungua mdomo.

Jastin hakuwahi kumsimulia mtu vizuri kilichofuata. Kulikuwa na harufu ya dagaa wa asubuhi. Kulikuwa na chumvi. Kulikuwa na kitu laini, cha uvuguvugu, kilichojisogeza kutoka mdomo wa juu wa mtoto kuja kwenye mdomo wake kama kina safari yake. Akaziba lile tundu la kulia kwa kidole, akafumba macho, akapuliza.

Hakikutoka kitu.

"Unabusu au unapuliza?" Bibi alifoka. "Ghafla! Kama unafukuza kuku!"

Akapuliza ghafla. Ukasikika mlio kama wa mtu anayechomoa buti la mvua kwenye tope, na kitu kikampiga Jastin shavuni, chini ya jicho, kikang'ang'ania pale. Haragwe lilikuwa limevimba, limepasuka ganda, na limevaa koti zima la kijani lenye mkia ulioning'inia mpaka kidevuni kwake.

Watoto walipiga makofi. Jastin alitoka mbio kwenye mvua, akafika kwenye migomba, akatapika uji, akatapika chai, akaendelea kutapika hata vilipokwisha vya kutapika.

Aliporudi, ameosha uso na maji ya bati mpaka ngozi inauma, alimkuta Mwalimu Eufrazia juu ya stuli. Mifuko ya nailoni ilikuwa imeshafungwa. Msumari ulikuwa unasubiri.

"Mwalimu."

"Hatuongei mara mbili, Jastin."

Ni hapo kinyaa chote cha asubuhi ile kilipohama kutoka kwenye shavu lake kikatafuta mahali pengine pa kukaa. Alimtazama yule mwanamke aliyekula kitunguu, anavyopanga mifuko ili ionekane vizuri kutoka mlangoni.

"Umewaimbisha hawa tangu Januari," alisema, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake. "Nani amewahi kwenda nyumbani akafanya ulichomfundisha? Mtaje mmoja. Huyu mtoto amejaribu mdomo, umeshindikana, akahamia pua. Wewe unaandika daftari lake na unajipa vyema. Mimi nimetapika kule nje, lakini sijatapika kwa sababu ya pua."

Alikuwa anadanganya kidogo hapo mwisho, lakini si sana.

Mwalimu Eufrazia alibaki juu ya stuli, mkono umeshika msumari. Uso ulimwiva. Bibi Anastasia, aliyekuwa anamfuta mjukuu kwa ncha ya khanga, hakuinua macho. "Na lile la tumboni bado," alisema. "Litatoka lenyewe. Kesho uje ulitafute, mtani."

Mwalimu Eufrazia akasema, akiiambia dari:

"Maharage na mahindi yanabaki huku. Na vifuniko. Nitafutie kitu kisichoingia puani, kisichoingia sikioni, kisichopita kooni. Ukikipata kufikia kesho, kona inabaki chini nawe unabaki. Usipokipata, safari njema."

Ulikuwa msimu wa maparachichi, na Matombo nzima ilikuwa inateleza kwa maganda yake. Saa ya kwenda nyumbani Jastin aliwaambia watoto kila mmoja aje na kokwa.

Asubuhi wakaja, wamelowa, na makokwa. Mengine yalikuwa na nyama bado. Mengine yalikuwa yametembea njia nzima yakilambwa. Mwalimu Eufrazia alichukua moja, akalijaribu kwenye pua ya Twalibu, halikuingia. Akatazama huku na huku, akalijaribu kwenye yake mwenyewe. Akalitupa kwenye ndoo iliyowekwa kona ya hesabu, akaenda kukoroga uji.

Furaha alikuwa wa mwisho. Pua ilikuwa imepona na kazi yake ya kawaida imeanza tena. Alilitazama kokwa lake, akaona ni chafu, akalifuta vizuri kwa mkono wa sweta, upande ule unaong'aa, akalitemea mate, akalifuta tena.

"Weka ndooni," Jastin alisema haraka.

"Nimekusafishia, Ticha. Shika."

Jastin akanyoosha kiganja. Kokwa likatua, likateleza, likaacha uzi. Mwili ukamsisimka kuanzia kisigino mpaka utosini.

"Moja," alisema, kwa shida.

Furaha akainama, akavua kiatu kilichojaa tope, akapeleka mkono ndani kabisa ya soksi na kuchomoa jingine, la moto.

"Mbili, Ticha. Usifumbe mkono."