Madirisha Hayafungwi

Safari hii Tabita hakuacha kona hata moja. Alizungusha karatasi ngumu ikawa duara katikati ya chumba, maana vifaranga wakipata kona hujibana humo, wakalaliana mpaka wa chini wafe. Akamwaga maranda, akatandika magazeti juu yake, akapanga vyombo vya maji. Jiko la mkaa alilikolezea nje mpaka moshi ukaisha, ndipo akaliingiza. Madirisha mawili ya juu, yenye wavu, akayaacha wazi. Mwezi wa sita, kwenye milima ya Ibaba, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga, na mtu anaacha madirisha wazi! Majirani walicheka. Wacheke!

Vifaranga mia moja walifika na gari la kutoka Tunduma, wakipiga kelele ndani ya boksi. Mumewe Lusubilo, anayefanya kazi hukohuko Tunduma, alikwisha kutoa neno kwenye simu.

"Wakifa na hawa, mke wangu, basi. Chumba kinarudi kuwa cha viazi."

Kwani wa kwanza walikufaje? Hapo ndipo damu ya Tabita ilipokuwa ikichemka. Kwao mkwe haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, akisikia kikohozi chake hujificha mpaka apite. Miaka sita Tabita amejificha: nyuma ya choo, kwenye migomba, siku moja hata ndani ya pipa tupu. Mwezi wa tano Mzee Gwamaka, baba yake Lusubilo, alikuja, akakuta madirisha wazi, akawahurumia vifaranga. Akaingia, akayaziba kwa magunia. Kisha akakaa uani kuota jua na kupiga soga na mkewe, asubuhi nzima. Tabita alikuwa amechuchumaa nyuma ya choo, anasikia kila kitu. Jiko linawaka ndani, hewa imezibwa, na mdomo wake umefungwa na heshima. Mzee alipoondoka, vifaranga sitini walikuwa wamelala chali. Watu wakasema ni baridi, naye akawaacha waseme. Mficha uchi hazai, lakini Tabita alificha, akawazika wote sitini bila kumtaja mtu.

Sasa, siku ya tatu, alikuwa akiwatazama hawa wapya. Walikuwa wametawanyika duara zima, hawakulisonga jiko wala hawakulikimbia. Joto lilikuwa sawa. Alikuwa ndiyo kwanza anatabasamu, mama mkwe wake Elizabeti akapiga kelele uani.

"Tabita! Baba yako anakuja, jifiche!"

Akachungulia. Ni yeye, Mzee Gwamaka, na gunia liko kwapani.

Magoti yalianza kukunjika yenyewe, kwa mazoea. Akayakatalia. Thubutu! Liwalo na liwe. Akatoka, akasimama katikati ya mlango. 

Mzee aligeuka upesi akautazama ua wa mianzi, kofia akaishusha usoni. Elizabeti akashika kichwa.

"Mungu wangu! Wewe mtoto umerogwa?"

"Shikamoo, baba," Tabita akasema. Miaka yote sita mzee hakuwahi kuisikia sauti hiyo. "Madirisha hayafungwi. Wale wa kwanza hawakufa kwa baridi. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichozibwa, hewa inageuka sumu. Na uliyeziba ni wewe, baba, kwa huruma yako."

 

"Mama Lusubilo," mzee akauambia ua, "muulize mkweo. Kwa nini hakusema siku ile?"

"Ningesemaje, baba? Nilikuwa nimejificha, nakuheshimu! Heshima hiyo imeniulia vifaranga sitini. Leo sijifichi. Ukitaka kuziba, niondoe kwanza mimi hapa mlangoni."

"Na faini utalipa!" Elizabeti akafoka. "Mkwe akimkabili baba mkwe hutoa kuku, na wewe unajua!"

"Nitalipa, mama. Tena kuku mkubwa. Ila sina mwingine, atatoka humuhumu. Kwa hiyo wewe unayetaka faini, waombee hawa wapone."



Mzee Gwamaka alikuwa amewapa mgongo. Kisha akalikunja gunia lake, akaliweka chini, akalikalia, uso bado umeelekea ua.

"Mama Lusubilo, mwambie mkweo," alisema polepole, "mimi faini yangu ni jogoo. Nitamsubiri mpaka awike."

Tabita akarudi ndani kuwaongezea vifaranga maji. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mlango ulikuwa wazi, lakini hakujificha kuyafuta.