Kuku wa Mama kwenye Kichanja cha Dagaa

Namswea nzima hapakuwa na mtu wa kumfundisha Tadea habari za nyasi. Hapakuwa! Ukitaka kuona mashimo ya ngoro yaliyochimbwa yakachimbika, ungepelekwa kwenye mteremko wake: nyasi zimefyekwa, zimelazwa miraba miraba, udongo umefukuliwa katikati na kuzifunika, na kila shimo limetulia likisubiri mvua. Nyasi hazitolewi shambani. Hufunikwa, zikaoza, zikalisha maharage. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyoishi miaka hamsini na nane bila kubishiwa na mtu.

Lakini kuku si maharage, na hilo hakuna aliyemwambia.

Kuku wenyewe walikuwa wa kishungi, wale wenye manyoya yaliyosimama kichwani kama kofia ya askofu. Siku Tadea anaolewa, mama yake alimkabidhi mitetea miwili na jogoo, miguu imefungwa kitambaa chekundu. Mama naye alipewa na mama yake. Kuku hao hawakuuzwa kamwe. Walitoka kwa mama kwenda kwa binti. Sasa Mungu alimpa Tadea mtoto mmoja tu, Xaveri, mwanamume, naye alikwenda Lituhi kwa shughuli zake akampata huko mke wa ziwani, Ottilia. Kwa hiyo Tadea alishajisemea kwamba kuku wa mama wataishia kwake. Ila hakutaka waishe angali hai.

Mwaka uliopita mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita ukafagia kijiji kizima. Akabaki na mtetea mmoja na jogoo mzee aliyekufa baada ya Krismasi. Mwezi wa pili mtetea akaangua vifaranga kumi na mmoja, na Tadea akapiga vigelegele peke yake uani kama mwendawazimu. Wiki mbili baadaye kicheche akamchukua mama mtu. Ukoo mzima ukawa ni wale yatima kumi na mmoja, ndani ya kibanda nyuma ya jiko.

Tadea akawalea kwa alichokijua. Ilikuwa Machi, mvua haikatiki, msimu wa ngoro wenyewe. Kila jioni akitoka shambani alileta mzigo wa nyasi akazitandaza kibandani juu ya zile za jana. Zikilowa, anaongeza. Zikinuka, anaongeza.

"Mama," Ottilia alimwambia siku moja, "chini kunanuka sana. Tuzitoe hizi za zamani, tuwawekee majivu makavu."

"Zitolewe ziende wapi? Nyasi zinafunikwa, mwanamke wewe! Huko kwenu mchanga mtupu, mtajua nini?"

Ottilia akanyamaza. Alijaliwa kunyamaza, yule mwanamke, na jambo hilo lilimkera Tadea kuliko majibu.

Jumatatu iliyofuata Tadea alifungua kibanda akakuta wawili wamekufa. Wengine walijikunyata pembeni, mabawa yameshuka, macho yamefumbwa. Na juu ya nyasi, kinyesi chenye damu. Damu mbichi! Akakaa chini palepale kwenye tope. Akawapa maji ya shubiri, akawapa na pilipili. Jumanne asubuhi akafa mwingine.

"Mama, nikamwone Bwana Mansuetus," Ottilia alisema. "Ana duka la dawa za mifugo Mpepai."

"Mansuetus! Alipokuwa Bwana Mifugo wa serikali alikuja mwenyewe na pikipiki, anakunywa togwa yangu, anatibu, anaondoka. Serikali ikampunguza kazini, kafungua duka, sasa ndiyo tumfuate sisi? Ati soko huria! Kahawa huria, dawa huria, na kufa nako huria?"

"Mama, wanakufa."

Tadea akatazama kibandani. Kifaranga mmoja, mdogo kuliko wote, kishungi chake kimelowa na kulala, alikuwa akijaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena.

"Nenda basi," alisema. "Nenda mbio."

Ottilia alimfunga yule aliyekufa kwenye jani la mgomba akaondoka naye mvuani. Mchana akarudi amepakizwa nyuma ya baiskeli ya Mansuetus mwenyewe, wote wawili wamelowa chapachapa.

"Shikamoo, Mama Xaveri."

"Marahaba. Kumbe njia bado unaikumbuka."

Mansuetus alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nimempasua yule kifaranga niliyeletewa. Utumbo umejaa damu. Ni koksidia, mama, vijidudu vya tumboni, havionekani kwa macho. Vinatoka na kinyesi. Vikipata unyevu na joto vinakomaa, kifaranga akidonoadonoa anavimeza, basi, vinamtafuna matumbo." Akainama kibandani, akazamisha mkono kwenye nyasi mpaka karibu na kiwiko. Mkono ulitoka unafuka mvuke. "Mungu wangu! Nani amekuwa akilundika nyasi hizi?"

Tadea akainama kuokota unyasi uliodondoka mlangoni.

"Mimi," Ottilia akasema. "Nilikuwa sijui, Bwana Mifugo."

"Na kweli hujui!" Mansuetus akamjia juu. "Ninyi watu wa ziwani na kuku wapi na wapi? Una mama mkwe mzoefu hapa, ulishindwa nini kumwuliza?" Alimsema mpaka jirani yao Walburga, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama ili asikie vizuri. Tadea angeweza kusema neno moja tu yakaisha. Aliona haya, akajionea haya kwa kunyamaza, na bado hakusema.

Mansuetus akawaachia dawa ya unga. Ichanganywe na maji kila asubuhi, na ya jana yamwagwe. Siku tano mfululizo. Wasinywe tone jingine lolote, hata la mvua. "Na wakae pakavu," alisema akipanda baiskeli. "Wakiendelea kukanyaga kinyesi chao, dawa hii ni kazi bure."

Pakavu! Machi! Namswea! Nguo zenyewe zilianikwa siku tatu zikarudi ndani na ubichi wake.

Ottilia hakuuliza mtu. Alichukua panga, akashuka bondeni, akarudi na mzigo wa matete. Akachimbia miti minne jikoni, karibu na mafiga, akaanza kupanga matete juu yake na kuyafunga kwa kamba za mgomba, akiacha nafasi ndogo ya kupitisha kinyesi lakini si mguu wa kifaranga. Tadea alisimama mlangoni akakitambua kitu kile. Alikiona Lituhi siku ya kwenda kuposa: kichanja cha kuanikia dagaa.

Kuku wa mama, juu ya kichanja cha dagaa! Siku nyingine Tadea angepasuka. Siku ile aliingia, akashika ncha ya pili ya kamba, akakaza.

Wakazungushia mkeka, wakamwaga majivu chini, wakawapandisha wale wanane waliobaki. Nyasi za kibandani zilibebwa kwa karai zikafukiwa mbali. Tadea alizibeba mwenyewe, raundi tisa, na kila raundi harufu ilimsuta.

Kwa siku kadhaa hakuonekana shambani. Wagonjwa walikuwa hawanywi, ikabidi awashike mmoja mmoja na kuwachovya midomo kwenye maji ya dawa. "Kunywa, mtoto wa mama," alimbembeleza yule mdogo. "Kunywa, nakuomba." Jumatano akafa mmoja. Alhamisi mwingine. Yule mdogo alikuwa bado anaanguka na kusimama, na Tadea hakutaka hata kumhesabu kati ya wazima, asije akamtia mkosi.

Ijumaa asubuhi alipiga magoti chini ya kichanja akachunguza majivu. Akachunguza tena. Kahawia. Kahawia tupu, hakuna damu.

"Ottilia! We Ottilia! Njoo uone kinyesi!"

Ottilia akaja mbio, wakapiga magoti pamoja, watu wazima wawili wanashangilia mavi ya kuku. Juu yao kitu kikadondokea kanga ya Tadea, nacho kilikuwa kahawia vilevile. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Jumamosi ilikuwa zamu yao kupokea jumuiya ya sala. Wanawake walisali, kisha wakaingia jikoni kunywa togwa na kukitazama kichanja. Vifaranga sita walikuwa wakidonoa pumba kwa kelele.

"Pole, Tadea," alisema Walburga kwa sauti ya kusikika na wote. "Tumesikia mkweo alivyotaka kukumalizia kuku wa mama yako kwa nyasi mbichi. Hawa wa ziwani uwe unawachunga."

Ottilia alikuwa akimimina togwa. Hakuinua macho, aliendelea kumimina.

"Sikilizeni," Tadea akasema. "Nyasi nilizilundika mimi. Huyu aliniambia tuzitoe, nikamtukania kwao. Bwana Mifugo alipouliza, yeye akachukua kosa langu, nami nikamwachia. Tangu Jumanne namwachia. Hawa mnaowaona wazima ni yeye kawaponya. Nisamehe, mwanangu."

Walburga akaanza kuitafuta rozari yake, ilhali alikuwa ameivaa shingoni.

Kahawa zilipoiva mwaka ule, wale sita walikuwa kuku kamili, mitetea minne na majogoo wawili, vishungi vimesimama barabara. Jumapili moja, baada ya misa, Tadea alikamata mitetea miwili na jogoo mmoja, akawafunga miguu kwa kitambaa chekundu alichokikata kwenye kanga yake ya zamani. Akamfuata Ottilia jikoni.

"Shika."

Ottilia alivitazama vile vitambaa. Habari ya kuku wale aliijua. Nani Namswea hakuijua? "Mama, hawa si ni wa binti?"

"Nimekuuliza? Pokea, mikono inaniuma."

Ottilia aliwapokea. Mmoja wa mitetea alikuwa ni yule mdogo, sasa mnene, mkali, anapapatika. Na yule mwanamke aliyekuwa amenyamazia matusi, nyasi, Mansuetus na Walburga, safari hii hakuweza. Akalia kwa sauti, kuku amewakumbatia kifuani.

"Nyamaza bwana, utawatisha," Tadea alisema, naye anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, nionyeshe namna ya kufunga yale matete. Wakiangua nataka kichanja kiwe tayari."