Picha ya Kifua cha Babu Calist

Siku nilipompeleka Gerald nyumbani kwa mara ya kwanza, babu yangu Calist hakuuliza ukoo wake. Aliuliza kama ana mbuzi wa kumfidia mume anayenyang'anywa mke. Kwetu babu ndiye mume wa kwanza wa mjukuu wa kike, kwa utani, na babu hakuachia nafasi hiyo kirahisi.

Gerald alikuwa akitengeneza kanzidata ya picha za eksirei katika hospitali yetu huku Iramba. Picha za zamani, zile za plastiki zilizorundikwa stoo, aliziskani na kuziunganisha na kadi za wagonjwa. Daktari akiandika jina, azione zote za mtu huyo, za kale na za leo.

"Kumbe unafuga mifupa ya watu," babu alimwambia. "Ng'ombe je?"

Mwaka huo babu akaanza kukohoa. Ujana wake wote alichimba dhahabu Sekenke. Picha ya kifua ikaonyesha doa upande wa kulia. Daktari akatueleza: kama doa ni la zamani, ni kovu tu, arudi nyumbani. Kama ni jipya, apelekwe Dodoma wakamtoboe kifua, watoe kipande cha nyama wakipime.

Babu hakuwahi kuogopa shimo la mgodi, lakini kutobolewa aliogopa.

"Nilishapigwa picha hapahapa," akasema. "Ulizeni mashine ya huyu mwizi wangu."

Gerald akaandika jina. Hakuna. Akabadilisha herufi, akajaribu kwa kijiji. Hakuna.

"Imenikana kama Petro," babu akasema, lakini safari hii hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

Gerald akakumbuka jambo. Kanzidata alikuwa ameipa masharti: kadi yenye neno lisilowezekana, kama mtoto wa kuzaliwa kesho, isiingie, ikae kando mpaka ikaguliwe. Zile za kando hakuwa amezigusa bado. Akaanza kuzifungua moja moja. Mara akaacha, akanitazama mimi, kisha babu.

"Babu, kwenye ndugu wa karibu ulimwandikisha nani?"

"Mke wangu. Si ndiye aliyenisindikiza?"

Gerald akasoma jina langu: "Winfrida. Mke. Miaka minane."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Karani wa siku ile alikuwa mtani wetu, na aliandika kila neno la babu kama lilivyotoka.

"Mashine yako ina wivu," babu akamwambia Gerald.

Picha ikafunguka. Doa lilikuwepo, mahali palepale, ukubwa uleule.

"Kovu," daktari akasema.

Babu akadai kofia yake. Ndege walikuwa wanamaliza uwele wake shambani.

Gerald alitaka kuisahihisha kadi, aandike mjukuu.

"Usiguse ndoa yangu," babu akamkataza. Ikabidi afute umri tu.

Tumemzika babu mwaka huu, kabla ya mavuno. Uzee tu, kifua hakikumsumbua. Gerald, ambaye sasa ni mume wangu, ndiye aliyeandika "amefariki" kwenye kadi. Akaniuliza taratibu kama abadilishe pia neno mke penye jina langu. Nikamwambia aache.

"Basi nimeoa mjane," akasema, "na mahari nilimkabidhi marehemu mwenyewe."