Saini ya Pilau

Babati na bandari, wapi na wapi! Lakini kule Singe waliijenga, bandari kavu, makontena na malori, na nyuma yake matenki manne ya mafuta. Kampuni ikataka kuongeza mengine sita. Halmashauri ikasema ngojeni kwanza, ikazuia matenki mapya kwa miezi sita, na sababu ilikuwa moto.

Mafuta yalivuja mtaroni, mtaro ukawaka mchana kweupe. Nyumba ya Evangelina iko hatua ishirini kutoka kwenye uzio. Ndani alikuwamo mama mkwe wake, mwaka wa tatu huo hajasimama kwa miguu yake. Evangelina alimvuta mkono, akavuta na shuka, bibi akawa mzito kuliko gunia la mahindi. Moshi ulipoingia dirishani, alimwachia akakimbia. Upepo ukageuka, bibi akapona. Vitus, mumewe, ambaye ni mlinzi wa geti kwenye matenki yaleyale, aliambiwa mkewe alikuwa mashineni anasaga. Bibi hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulimtisha Evangelina kila alipompelekea uji.

Sasa miezi sita ilikuwa imekwisha. Asubuhi hiyo, kwenye mkutano wa mtaa, Mama Sabaha, afisa wa halmashauri, alisoma karatasi: wakazi sitini na wawili wamekubali matenki mapya. Jina la kwanza, Evangelina, balozi wa nyumba kumi.

Mungu wangu! Karatasi ile aliikumbuka. Msafiri, msemaji wa kampuni, aliwaita kwenye semina ya usalama, wakala pilau na soda, karatasi ikapita. Na sisi tunajijua. Karatasi ikipita kwenye semina hatusomi, tunaulizana kalamu iko wapi, maana tumezoea ni mahudhurio. Balozi alianza, wengine wakafuata.

"Namba moja, unathibitisha?" aliuliza Mama Sabaha. "Mkithibitisha, zuio linaondoka leo."

Evangelina alisimama. Vitus alikuwa amekaa nyuma ya Msafiri, na sare yake ya ulinzi.

"Nilidhani ni mahudhurio," alisema. "Mimi nilisaini pilau."

Watu wakacheka. Msafiri naye akacheka. "Balozi, usitutanie bwana. Hatari gani hiyo? Siku ya moto nyumba yako haikuguswa, na wewe mwenyewe hukuwepo. Muulize mumeo."

Evangelina alibaki wima. Akikaa chini, siri yake inabaki salama na matenki yanakuja mpaka ukutani kwake. Akisema, basi tena. Alimtazama Vitus.

"Nilikuwepo," alisema. "Sikwenda mashineni. Mama yake Vitus alikuwa ndani, nikamvuta nikashindwa, nikamwacha. Nilimsikia akiniita, sikugeuka. Mkiongeza hayo matenki, siku yakiwaka nitakimbia tena. Najijua. Naogopa jamani, naogopa sana!"

Hakuna aliyecheka.

"Hata mimi nilisaini pilau," alisema mzee mmoja mbele. Mwingine akadakia kwamba yeye hata kusoma hajui, na mikono ikaanza kunyooshwa, huku na huku. Mama Sabaha aliikunja karatasi, akasema zuio linabaki palepale mpaka kila saini ichunguzwe. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Evangelina hakuwa nao. Vitus alikuwa ameinuka. Alipita karibu yake bila kumtazama, akashika njia ya nyumbani, kwanza akitembea, kisha akikimbia. Evangelina alibaki amesimama palepale, hakuthubutu kumfuata.