Kura Moja ya Bosi Ashiru

Bosi Ashiru alifunga kiwanda chake cha kubangulia korosho pale Chilangala siku ya Jumanne, wiki moja baada ya sisi wabanguaji kuomba glavu. Alitueleza kwamba kiwanda kinampa hasara, kwamba glavu ndizo zingekimaliza kabisa, na kwamba yeye kama mzazi anaona sasa tumekua, twende tukajiajiri. Wiki hiyo hiyo, kule Masasi mjini, gesti yake ilikuwa inapandishwa ghorofa ya tatu. Jengo la kiwanda lilikuwa mali ya kijiji, yeye alilipanga tu. Mashine zilikuwa kuukuu, hazistahili hata nauli ya lori, kwa hiyo akatuachia badala ya mishahara ya miezi miwili. Alipiga picha akitukabidhi. Kwenye picha anacheka yeye peke yake.

Tulibaki watu arobaini na mmoja, wengi wetu wanawake. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Dominika, yaani Mama Glory, aliyebangua pale miaka kumi na moja mpaka mafuta ya ganda yakambabua vidole na ofisi ya vitambulisho ikashindwa kuchukua alama zake.

"Mashine tunazo," alisema. "Mikono tunayo. Bosi alikuwa anafanya kazi gani humu ambayo sisi hatuiwezi?"

Vitalis, fundi wa mashine, ndiye aliyejibu. "Alikuwa anapiga honi getini."

Basi tukaanza. Katiba tuliiandika wenyewe kwenye daftari. Kiingilio ni kimoja kwa wote, kila mwanachama ana kura moja, kinachopatikana kinagawanywa kufuatana na kazi ya mtu, na mwenyekiti halipwi zaidi ya mbanguaji. Dominika akawa mwenyekiti, Vitalis akawa katibu. Sitasema mambo yalikuwa laini. Miezi ya kwanza tulipigia kura kila kitu. Kikao cha kuamua kama saa nne tunywe chai au uji kilianza saa nne, kikaisha saa nane, na hakuna aliyekunywa chochote. Tulikuwa na kamati ya mafagio, na ndani yake kulikuwa na upinzani. Lakini katikati ya makelele hayo glavu zilinunuliwa, paa likazibwa, na msimu wa pili mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam akaanza kuchukua korosho zetu moja kwa moja, bila mtu wa kati.

Habari hizo zilimkuta Ashiru kwa kinyozi, Masasi. Walioshuhudia wanasema aliinuka nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa.

Alikuja Chilangala na gari lake jeupe, akiendeshwa na dereva wake Hamudi, na kreti sita za soda nyuma. Akatusalimia vizuri, wazee akawapa shikamoo zao, ambazo alipokuwa bosi hazikuwahi kumtoka.

"Nimekuja kuwekeza," alisema. "Nitaleta mashine mpya kutoka nje. Ninachoomba ni kidogo tu. Nipewe kura sitini katika kila mia."

"Hapa ni kura moja kwa mtu," Dominika alisema.

"Naelewa. Lakini mtu mwenye pesa nyingi?"

"Huyo naye ni mtu. Anapewa moja."

Ashiru alicheka, akadhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka naye, aliomba kusoma katiba. Akaisoma ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Aliposhuka alikuwa na furaha mpya usoni. Alilipa kiingilio chake papo hapo, akasema ameguswa sana na umoja wetu.

Wiki iliyofuata tukajua alichokiona mle. Hatukuwa tumeandika mwisho wa idadi ya wanachama. Zilishuka Koaster mbili zikiwa na watu hamsini na wawili. Walikuwemo walinzi wa gesti, wapishi wa gesti, shemeji zake, binamu zake, Hamudi dereva, na mama mkwe wake, Bimdogo, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyeshikilia kikapu chake kifuani kama anayeogopa kuibiwa. Wote Ashiru alikuwa amewalipia viingilio.

Tulikutana kwa kelele, husikii mwingine anasema nini. Vitalis alitaka geti lifungwe. "Wao hamsini na watatu pamoja na yeye, sisi arobaini na mmoja," alisema. "Wanatumeza mchana kweupe, kwa kalamu yetu wenyewe!"

Dominika alifungua daftari la katiba, akalisoma mpaka mwisho.

"Naogopa kama ninyi," alisema mwishowe. "Lakini tukianza kuchagua nani ni mtu na nani ni mtu wa fulani, tutakuwa tumemrudisha bosi bila yeye kusumbuka kuja. Katiba inasema mwanachama mpya abangue siku tisini ndipo apige kura. Wabangue."

Tukapiga kura. Ishirini na wawili walikubali, kumi na tisa walikataa. Mimi nilikuwa kwenye wale kumi na tisa, siwezi kuficha.

Siku tisini hizo zilimhusu Ashiru pia. Siku ya kwanza alimtuma Hamudi abangue kwa niaba yake, Vitalis akamwonyesha kifungu: kila mtu na mikono yake. Akaja na suti. Kubangua kunataka utulivu, unaiweka korosho kwenye kisu cha mashine, unakanyaga kwa mguu, unavuta kwa mkono, ganda linapasuka na korosho inatoka nzima. Korosho za Ashiru zilitoka unga. Na mezani, kwa jinsi zamu zilivyopangwa, alikaa uso kwa uso na mama mkwe wake. Mwanaume mwenye heshima zake hawezi kumkodolea macho mama mkwe, wala kula mbele yake. Kwa hiyo alibangua akiwa ameangalia ukutani, na saa nne alikwenda kunywa uji wake nyuma ya choo.

Bimdogo hakuwa na shida hiyo. Alikuwa amebangua tangu msichana, nyumbani, kwa jiwe na moto. Wiki ya pili alikuwa anawafundisha wenzake. Mwisho wa mwezi alipopokea malipo yake alikaa nayo kwenye kiti cha nje, hakuyahesabu wala hakuyafunga kwenye kanga. Nilimuuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema. "Nangoja nione nani atakuja kuniambia nimpe anitunzie."

Hamudi naye, kwa bosi wake, mshahara ulikuwa unakuja Mungu akijalia, na Mungu alikuwa anajalia mara nne kwa mwaka. Huku ulikuja tarehe iliyoandikwa ukutani. Mara ya kwanza kunyoosha mkono kikaoni alisimama kabisa, kofia mkononi, akasema uji hauna sukari ya kutosha. Hakuwa na kura bado, lakini kusema ilikuwa ruhusa. Kamati ikaenda kuonja, ikarudi ikasema ni kweli. Hamudi alikaa chini polepole. Siku ile nzima alikuwa anasema peke yake, "Ni kweli. Wamesema ni kweli."

Siku ya tisini na moja ukafika mkutano mkuu. Ashiru alikuwa ameleta hoja moja, kwamba kura zihesabiwe kwa ukubwa wa mtaji wa mtu, ili, kwa maneno yake, demokrasia iwe na uzito. Watu wake aliwapanga usiku wa kuamkia siku hiyo: akivua kofia, wote wanyooshe mikono.

Chumba kilikuwa na joto. Dominika akafungua kwa ajenda ya kwanza. "Kuna yeyote ambaye hakupewa taarifa ya mkutano huu?"

Ashiru akavua kofia ajifute jasho. Mikono hamsini na miwili ikapanda.

"Bimdogo," Dominika alisema, "taarifa yako si nilikuletea mwenyewe, ukanipa mhogo?"

"Ulileta," Bimdogo alisema, mkono bado uko juu.

Ilipofika hoja yenyewe, Ashiru alihutubia nusu saa. Alisema anapenda usawa, na kwamba njia bora ya kuulinda ni kuukabidhi kwa mtu mmoja mwenye uwezo. Kisha akashika kofia tayari. Lakini Vitalis alikuwa ametundika kanga kwenye kona, na nyuma yake kuna vyungu viwili. Kila mwanachama alipewa korosho moja iliyobanguliwa. Chungu cha kushoto ni kubadili katiba, cha kulia ni kuiacha ilivyo. Unaingia peke yako.

"Mbona siri?" Ashiru aliuliza. "Sisi ni familia!"

"Ndiyo maana," Dominika alisema.

Tulihesabu mbele ya wote. Kulia zilikuwa tisini na moja. Kushoto zilikuwa mbili. Moja haikuonekana, na baada ya mabishano mzee mmoja mlinzi wa gesti alikiri kwamba alipokuwa nyuma ya kanga aliishika akifikiri, akajikuta ameila.

Ashiru alitoka bila kuaga. Hamudi ndiye aliyetusimulia yaliyotokea garini.

"Hamudi, ulitumbukiza wapi?"

"Bosi, wamesema ni siri."

"Kiingilio nilikulipia mimi!"

"Ulinilipia, bosi. Ahsante sana."

"Basi niambie kitu kimoja. Moja ya kushoto ni yangu. Ya pili ni ya nani?"

Bimdogo alikuwa amefika kuchukua kikapu chake kiti cha nyuma. Ashiru alipomwona akageuza uso dirishani.

"Ni yangu, mkwe wangu," Bimdogo alisema. "Nilikuona umesimama pale peke yako, nikakuonea huruma. Ila tafadhali usiitegemee mwakani."

Hamudi anasema bosi wake alifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika, na yeye mpaka leo hajui alikuwa analia au anacheka. Kisha aliomba ufunguo, akaendesha mwenyewe mpaka Masasi.

Kati ya wale hamsini na wawili, arobaini walibaki Chilangala. Gesti ilikaa wiki tatu bila mlinzi wala mpishi, na waliokuja kuomba kazi walikuwa wameshasikia, wanauliza kwanza tarehe ya mshahara. Ashiru akaongeza dau, akaiandika tarehe ukutani pale mapokezi. Alimwambia mkewe, Naima, kwamba wazo hilo ni lake.

Hakuacha uanachama. Msimu huu anakuja siku mbili kwa wiki, anabangua, na katika kila korosho kumi, nne zinatoka nzima. Mwezi uliopita alisimama mkutanoni akapendekeza vikao vianze saa mbili asubuhi badala ya saa tatu, kwa sababu watu wanapoteza muda. Akaeleza vizuri, bila hotuba. Alishindwa kwa kura sita. Akaomba zihesabiwe upya, zikahesabiwa, akashindwa kwa kura saba. Akakaa, akamwinamia Vitalis aliyekuwa anaandika muhtasari, akamuuliza kwa sauti ya chini kama hoja iliyoshindwa inaruhusiwa kuletwa tena, na baada ya muda gani.